Kabla ya kuchapisha lebo, nunua daftari

Mwaka wangu wa pili kushiriki maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, mzee mmoja alisimama mbele ya meza yangu, akachukua kopo la siagi ya karanga, akavaa miwani na kuisoma lebo mstari kwa mstari. Wateja wengi huuliza bei tu. Yeye alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, hapa umeandika karanga za Mpwapwa. Mimi ni mtu wa Mpwapwa. Mwaka huu karanga mmezipata wapi?"

Mwaka ule mvua zilikatika Februari, karanga zikanyaukia shambani kabla hazijajaza maganda. Mpwapwa hivyo, Kongwa hivyo, Chamwino hivyo. Karanga zilizokuwa kwenye makopo yale nilizinunua kwa mfanyabiashara aliyezileta kutoka Tabora. Lakini lebo za mwaka uliotangulia zilikuwa zimebaki nyingi, na nilikuwa nimezilipia, basi nikaendelea kuzibandika. Nikamweleza mzee ukweli. Akalirudisha kopo mezani taratibu, akasema, "Ungeandika za Tabora ningenunua. Karanga za Tabora nazo ni nzuri." Akaenda zake.

Maneno yale yaliniuma kuliko faini. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Dodoma na Singida mnaosindika karanga, ubuyu, asali, mafuta ya alizeti, zabibu kavu au unga wa lishe, hasa wewe ambaye wiki hii unatafuta mtu wa kukuchorea lebo. Ninachotaka kukuambia ni kimoja: usiweke kwenye lebo neno lolote ambalo ukiulizwa huwezi kufungua daftari ukalionyesha.

Anza na hilo la asili ya zao. Kanuni za lebo za chakula, za kwetu na za kimataifa, zinakataza maelezo yoyote ya kumpotosha mnunuzi, na mahali zao lilipotoka ni sehemu ya maelezo hayo. Sisi wa kanda ya kati tunajua thamani ya jina la mahali. Mtu anaagiza asali ya Singida kwa jina, zabibu za Dodoma kwa jina. Jina hilo si lako peke yako. Ukijaza asali ya kwingine kwenye chupa ya Singida unawachafulia hata wale wa Manyoni waliohangaika na mizinga yao porini. Siku hizi lebo yangu kubwa inasema "Imetengenezwa Dodoma, Tanzania", jambo ambalo ni kweli mwaka wote, mvua inyeshe isinyeshe. Mahali karanga zilikolimwa panaandikwa kwenye stika ndogo inayobandikwa kila tunaposaga. Msimu ukiwa mzuri stika inasoma Mpwapwa, msimu ukiwa mbaya inasoma Tabora. Sijapoteza mteja kwa sababu ya stika ya Tabora.

Sasa yale ya lazima. Lebo ya chakula kilichofungashwa iwe na jina la bidhaa linaloeleweka, viambato vikianzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kuhifadhi. Karanga zinawadhuru baadhi ya watu vibaya sana, kwa hiyo anayetengeneza unga wa lishe asiishie kuandika "nafaka mchanganyiko". Ataje karanga kwa jina lake.

Uzito halisi ulinitoa jasho. Muuza vifungashio alikuwa ananiuzia "makopo ya nusu kilo", nami nikachapisha gramu 500. Kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mwalimu akaomba kopo mojamoja kutoka kwa kila mshiriki. Langu akalipima, akatoa uzito wa kopo tupu na mfuniko wake, kikabaki kitu cha gramu 462. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba kopo linauzwa kwa ujazo, na ujazo si uzito. Chupa ya mililita 500 ikijazwa asali inabeba karibu gramu 700, maana asali ni nzito kuliko maji. Siagi ya karanga ina uzito wake, unga una wake. Pima bidhaa yako mwenyewe, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na yenye stika ya mwaka huo. Tunalalamika kila msimu wanunuzi wanapotushindilia lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, huko vijijini, na tuna haki ya kulalamika. Basi tusimfanyie lumbesa ya kinyume mama anayenunua kopo moja kwa ajili ya mkate wa wanawe.

Namba ya toleo, ambayo wengi tunaiita bechi namba, ndiyo niliyoidharau kuliko yote. Niliona ni mambo ya viwanda vikubwa. Kisha siku moja mwenye duka karibu na soko la Majengo akanipigia simu: mteja amerudisha kopo, linatoa harufu ya mafuta yaliyokaa muda mrefu. Nilikuwa nimepeleka mzigo kwenye maduka tisa. Makopo yote yalikuwa yameandikwa mwezi mmoja, basi, hakuna kingine. Sikuwa na njia ya kujua lipi lilisagwa lini. Ikabidi nikodi bajaji nizunguke mji kuanzia Majengo hadi Chang'ombe, nikusanye makopo 163. Nyumbani tukayafungua moja baada ya jingine, shangazi yangu akinusa na mimi nikiandika. Yenye harufu yalikuwa 22. Yote yalitoka siku moja, siku ambayo mashine ilirudi kutoka kwa fundi na hatukuifungua kusafisha mabaki ya zamani yaliyoganda ndani. Makopo 141 mazima yaliharibika kwa sababu tu tuliyafungua. Ningekuwa na namba ningeondoa yale 22 dukani na kuwaacha wenye maduka waendelee kuuza.

Namba yenyewe haina ufundi mkubwa. Yangu ni tarehe, mwezi, mwaka, na usagaji wa ngapi siku hiyo: 140625-2 maana yake ni tarehe 14 Juni 2025, mara ya pili kuwasha mashine. Nunua muhuri wa tarehe wa duka la vifaa vya ofisini. Ila usigonge muhuri kwenye plastiki ya kopo. Mikono ya muuzaji ikiwa na mafuta wino unafutika ndani ya siku mbili. Gonga kwenye lebo ya karatasi kabla ya kuibandika, iache ikauke.

Na daftari lenyewe ni lile la kawaida la kaunta. Mimi nimelipiga mistari hivi: namba ya toleo, karanga za nani na kijiji gani, kilo zilizoingia, kilo tulizotupa baada ya kuchambua, makopo yaliyotoka, maduka yalikokwenda. Kila toleo ninaweka makopo matatu kwenye rafu, siuzi. Kila mwezi ninafungua moja la toleo fulani, nalinusa, nalionja, naandika. Hapo ndipo ilipotoka tarehe yangu ya mwisho wa matumizi. Zamani nilinakili miezi kumi na miwili kutoka kopo la kampuni nyingine, wakati mwenzangu ana mitambo yake na chumba chake cha baridi, na mimi stoo yangu ya bati inapikwa na jua la Oktoba.

Ile safu ya kilo zilizotupwa naomba uitilie maanani, maana hapo ndipo uhai wa watu ulipo. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na jirani zetu wa Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu, iliyokuwa kwenye nafaka. Hatukusimuliwa, ni watu wa vijiji vyetu. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshikwa sana na kuvu hiyo, na ukikaanga karanga sumu haiishi. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kwa hiyo vipimo vya maabara havina mbadala. Lakini kazi kubwa inafanyika kabla ya maabara. Karanga zianikwe juu ya turubai, si chini. Zikauke mpaka ukitikisa ganda punje zigonge ndani. Nunua zenye maganda ukabangue mwenyewe, kwa sababu wapo wanaozinyunyizia maji ili zibanguke upesi, na maji hayo ndiyo yanayoamsha kuvu. Kisha kaa chini uchambue kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, yote itoke. Shangazi yangu anachambua gunia zima akiwa kwenye mkeka na redio pembeni, na kinachotoka kinafukiwa. Hakipelekwi kwa kuku, wala hakiuzwi kwa anayekaanga karanga za barabarani.

Kuna maneno matamu ambayo mchoraji wa lebo atakushauri uyaweke. "Inatibu kisukari." "Inaongeza nguvu za kiume." Ubuyu, mlonge na asali ndivyo vinavyobebeshwa sana mzigo huu. Chakula hakiruhusiwi kudai kwamba kinatibu ugonjwa. Na zaidi ya sheria, mfikirie mgonjwa anayeacha dawa za hospitali kwa sababu ya karatasi uliyochapisha wewe. Neno "ogani" nalo lina wenyewe. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu 2007 na alama yake inaitwa Kilimohai, na inatolewa baada ya shamba kukaguliwa. Vikundi vya wakulima wadogo vinaweza kukaguana kwa utaratibu unaotambulika, kwa hiyo usikate tamaa ukadhani ni ya matajiri. Lakini kama hujakaguliwa, andika ulichofanya kweli. Mimi ninaandika "Haikuongezwa sukari wala mafuta", na viambato vinathibitisha: karanga, chumvi.

Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usiichape kabla hujapewa leseni, hata kama maombi yako yameshapokelewa. Ni kosa kisheria. Na leseni inatolewa kwa bidhaa, haitolewi kwa mtu, kwa hiyo ukipata ya siagi ya karanga haikufuniki ukianza kuuza ubuyu wa unga. Tangu 2019 masuala ya chakula yaliyokuwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yako TBS, pamoja na usajili wa jengo unalozalishia, na ofisi ya kanda ya kati iko hapa hapa Dodoma. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO kwanza apate barua ya utambulisho. Unafuu wa gharama unaanzia kwenye barua hiyo.

Jina la biashara, yaani la kuendeshea biashara, na alama ya biashara, yaani nembo au jina la kutambulisha bidhaa, ni vitu viwili, ingawa vyote vinasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Niliyemfahamu alisajili jina akadhani amemaliza, mwenzake akasajili alama inayofanana na jina hilo. Alama inalindwa miaka 7 ya mwanzo, baadaye unahuisha kwa miaka 10. Bakodi inayoanza na 620 inaonyesha tu kwamba namba imetolewa na GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba za bakodi. Haithibitishi ubora, na haithibitishi kwamba karanga zililimwa nchini.

Kuhusu uchapishaji, chapa lebo 200 za kwanza. Nenda nazo SIDO, mpe mtu asiyekufahamu azisome kwa sauti, rekebisha, ndipo uchape nyingi. Bei ya moja moja itakuwa juu kidogo, lakini hutakuwa na boksi la lebo zinazokushawishi kusema uongo msimu mvua zikikatika.

Yule mzee wa Mpwapwa alipita tena mwaka uliofuata. Nilimwamkia, nikamfungulia daftari ukurasa wa toleo lililokuwa mezani. Akatembeza kidole kwenye safu ya vijiji mpaka akakutana na cha kwao, akauliza mkulima ni nani. Nikamtajia. Akacheka, akasema huyo ni mtoto wa jirani yake, akachukua makopo mawili.