Muulize Mkunga: Ratiba imenishinda tena

*Shikamoo Bibi Mkunga. Nina miaka 49. Hedhi yangu siku hizi huja inapotaka: hupotea miezi miwili, kisha ikaja mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Usiku naamka shingo na kifua vimelowa jasho, natupa shuka, na baada ya muda mfupi nasikia baridi naitafuta tena. Tumbo limeongezeka ilhali sili zaidi ya zamani. Januari nilijiwekea ratiba: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia nusu saa, kuacha sukari kabisa, kunywa maji lita tatu, kulala saa tatu usiku. Nilikwenda nayo wiki moja na ushei. Ukaja usiku mbaya, asubuhi sikuinuka, na huo ukawa mwisho. Aprili nilianza upya, yakawa yale yale. Niambie ukweli, ni uvivu?*
*Mama Ratiba*

Marahaba mwanangu. Si uvivu. Ratiba yako nimeisoma nikajiuliza umemwandikia nani, maana mtu anayeamka usiku kubadilisha nguo zilizolowa hapangi kukimbia saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni ratiba ya kuruta jeshini. Mambo matano mapya kwa siku moja, na yote yanadai uwe umelala vizuri, wakati kulala vizuri ndiko hasa unakokosa.

Uko katika kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Tunasema hedhi imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila kuiona, na wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo ovari hazizimi kwa mpigo. Estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa humo, hupanda na kushuka bila mpangilio, tena kwa miaka kadhaa, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likizidi kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekihisi, mwili unapanua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho ili upoe. Ukishapoa kupita kiasi ndipo unapoitafuta shuka. (Miaka yote niliyofanya kazi wodini nimewaona wanawake wakiomba radhi kwa jasho hili, kana kwamba wamemkosea mtu.)

Basi usiku mbaya utarudi, hilo tulijue tangu sasa. Tabia unayotaka kuijenga iwe ndogo kiasi kwamba unaiweza hata kesho yake, macho yakiwa mazito na hasira iko karibu. Nakiita kipimo cha siku mbaya. Kama siku mbaya huliwezi, jambo hilo ni kubwa mno, lipunguze.

Chagua moja tu. Mimi ningekuchagulia kiti, kwa sababu estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiilinda mifupa yako, na miaka inayozunguka hedhi ya mwisho ndiyo ambayo mifupa hupungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Mifupa na misuli hukaza pale inapobebeshwa uzito, na uzito wa mwili wako unatosha kuanzia. Kila asubuhi ukimaliza kupiga mswaki, keti kwenye kiti kigumu kisichoteleza, mgongo wa kiti ukiwa ukutani. Miguu iachane upana wa mabega, visigino vikae chini, mikono uikunje kifuani. Simama bila kusukuma kwa mikono. Sasa shuka polepole ukihesabu moja, mbili, tatu, na usijitupe kitini pale mwishoni. Kule kushuka ndiko kuna kazi. Mara kumi. Siku mbaya fanya mara tatu uende zako, na hizo tatu zinahesabika kama umefanya. Goti likiuma, weka mto juu ya kiti usishuke sana. Likiendelea kuuma, acha ukaonwe.

Kwa nini mswaki? Kwa sababu mswaki hauusahau. Watafiti wa University College London waliwahi kuwafuatilia watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku wakati ule ule, kama kula tunda kwenye chakula cha mchana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa mtu wa katikati katika kundi lile ilichukua siku 66 hadi jambo likawa linajiendea lenyewe bila kujisukuma. Wapo waliohitaji siku 18 tu, na wengine walikadiriwa wangehitaji 254. Zile siku 21 unazoambiwa kila mahali zisahau. Na sikiliza hili, maana ni lako hasa: kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Wewe uliruka asubuhi moja ukafunga duka zima.

Kiti kikishakuwa mazoea, ndipo uongeze kutembea baada ya chakula cha jioni, hata dakika kumi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli siku mbili au zaidi, na mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba lazima zifike dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe. Ngazi ulizopanda kazini zimo. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Kuhusu tumbo, estrojeni ikipungua mafuta huhamia kiunoni, na umri nao unapunguza misuli, kwa hiyo unaweza kula kama jana na nguo ikakubana leo. Mizani ya kila asubuhi itakukatisha tamaa tu. Afadhali upime presha, sukari na lehemu (kolesteroli), kwa sababu baada ya hedhi kukoma hatari ya ugonjwa wa moyo inapanda, na presha haina tabia ya kubisha hodi. Kwenye sahani ongeza protini kila mlo kabla hujaanza kuwaza cha kuondoa. Lita tatu za maji sijui nani alikuamrisha. Kunywa ukiwa na kiu, na zaidi ukitoka jasho jingi.

Usiku hauponi kwa nguvu za roho, unaponea maandalizi. Badala ya blanketi moja zito, weka mashuka mawili mepesi yanayotoka moja moja. Fulana kavu iwe juu ya mto wa pili, mahali ambapo mkono unafika gizani bila kuwasha taa. Kahawa ya alasiri iache: saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Pombe nayo, kwa wanaoitumia, huwasha joto na kukatakata usingizi. Kisha shika wakati mmoja wa kuamka, ule ule kila siku, uache kugombana na saa ya kulala.

Sasa nikwambie jambo ambalo wauza mazoezi hawalisemi. Kiti na matembezi vitakusaidia mifupa, moyo, usingizi na uchangamfu, lakini ushahidi kwamba vinazima lile joto la ghafla ni hafifu. Joto likikuharibia kazi na usingizi, nenda kwa daktari. Usijiadhibu kwa kuongeza mazoezi. Kuna tiba ya homoni, kuna dawa zisizo za homoni, na kuna tiba ya mazungumzo inayofundisha kulikabili. Tiba ya homoni iliogopwa sana baada ya matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani mwaka 2002. Siku hizi wataalamu wanaona kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu, kwake hesabu ni nyingine, na daktari lazima aambiwe. Aangalie na tezi ya shingo pia, maana nayo ikienda mbio huleta jasho na mapigo ya moyo yanayofanana na haya.

Na hedhi inayokuja inapotaka bado inaweza kuleta mimba. Nasema tu.

*Bibi, nina miaka 56, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Wiki jana nimeona damu kidogo, siku mbili ikakata. Shoga yangu ananiambia mwili unajisafisha, ninywe maji ya moto na nizidishe mazoezi. Nizidishe kiasi gani?*
*Mwenye Wasiwasi*

Usizidishe chochote. Nenda hospitali wiki hii. Damu yoyote baada ya hedhi kukoma, hata tone, hata kama imekata, inachunguzwa. Mara nyingi sababu huwa si ya kutisha, kama ukavu wa njia ya uke au uvimbe mdogo usio wa saratani, lakini saratani ya mji wa mimba nayo hujitangaza hivyo hivyo, na ikikamatwa mapema hutibika vizuri. Shoga yako mshukuru kwa nia.

*Shikamoo Bibi. Mke wangu ana miaka 52. Namkumbusha mazoezi kila asubuhi kwa wema kabisa, ananijibu kwa ukali. Usiku anafungua dirisha mimi natetemeka. Nihame chumba?*
*Mume Mwenye Baridi*

Marahaba baba. Acha kumkumbusha kuanzia kesho. Mtu aliyeamka usiku kucha akiambiwa asubuhi “leo hujafanya mazoezi” anasikia jambo jingine kabisa, na hasa kama jana yake ulisema neno kuhusu tumbo. Vaa viatu wewe. Baada ya chakula cha jioni mwambie, “Natoka kidogo, twende?” Akikataa nenda zako bila kununa, kesho uulize tena kwa sauti ile ile. Moyo wako nao unahitaji hizo dakika 150.

Chumba usihame bila kumuuliza. Wapo wanaofurahi kulala peke yao kwa muda na wapo wanaoumia. Anza na kitu rahisi: kila mtu awe na shuka yake, yeye alale upande wa dirisha, wewe uvae soksi.