Kabla hujakata gasketi ya chuma, hesabu bolti kwanza

Mimi ni fundi wa mashine za baridi hapa Malindi, kazi yangu kubwa ni viwanda vya barafu, ile barafu ya wavuvi, na humo ndani gesi ni amonia. Ukishawahi kuinusa ikitoka kwenye paipu sina haja ya kukueleza, macho yanajifumba na pumzi inakata. Sasa kuna flenji moja (vile vyuma viwili vya duara vinavyounganisha paipu kwa bolti) ilinitesa siku 3 msimu wa kaskazi na naona mafundi bado wanarudia kosa langu lile lile.

Ilikuwa flenji ya bolti 4, paipu ya milimita 50, pale gesi inapotoka kwenye kompresa. Gasketi ya faiba, kile kizibo cha katikati ya flenji, ilikuwa ikivuja kila baada ya muda, nikaona dawa yake ni chuma. Nikakata alumini laini, pana vizuri, ndani 50 nje 70, nikajiambia upana ndio usalama. Bolti nikachukua mpya hadiwea, M12 (unene milimita 12), zinang'aa kwelikweli. Nikakaza. Presha ilipofika bar 13 hivi, na kwa joto letu la mchana hufika bila kuombwa, ikaanza kupumua. Kijana wangu akasema "Ami, tuongeze kidogo," nikaongeza na paipu ina gesi (ujinga mtupu huo, usifanye hata siku moja), bolti ikavutika kama chingamu. Tukazima tukatoka mbio upande upepo unakotoka.

Usiku ndio nikakaa na kalamu. Gesi ya bar 13 ikisukuma duara la milimita 60 (katikati ya 50 na 70) ni kama kilo 370 tu, si kitu. Nilikuwa naogopa gesi bure, mzigo wenyewe ni gasketi! Alumini laini inataka kubanwa kama megapaskali 61 (kilo 6 na kitu kwa kila milimita ya mraba) ndio ilale, iingie kwenye vile vimifereji vya uso wa flenji. Kwa ule upana wangu hiyo ni karibu tani 12. Na bolti zangu za hadiwea zilikuwa gredi 4.6, yaani chuma dhaifu, ukizivuta asilimia 70 ya uwezo wake kila moja inakupa tani 1.4, zote 4 hazifiki hata 6. Yaani sikuwahi kuziba kitu pale, nilikuwa nimeweka sahani katikati ya vyuma viwili.

Kwa hivyo nikafanya kinyume na nilivyozoea, nikapunguza upana, ndani 50 nje 60, mzigo ukashuka mpaka tani 5 na kitu. Bolti nikaweka za gredi 8.8, chuma kigumu zaidi (namba imepigwa kwenye kichwa cha bolti, isipokuwepo usibahatishe) ambazo M12 yake inabeba karibu tani 4. Sikuzivuta mpaka mwisho maana alumini nyembamba nayo ukiipita kiasi inatiririka, nilitafuta tani 2 kila bolti, jumla 8.

Shaba sahau kwenye amonia, inaliwa, na hata ile grisi ya shaba ya kupaka bolti usiilete, tumia ya moli (molibdeni). Lakini paka, manake bolti kavu inakula nguvu ya mkono wako yote kwenye msuguano, spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza) inakwambia tayari na bolti haijavutika. Uso wa flenji upitishe ukucha, mkwaruzo unaozunguka na duara hausumbui sana, ule unaokata kutoka ndani kwenda nje ni mfereji wa gesi, hapo peleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga, msasa wa mkono utaharibu zaidi. Kukaza ni kwa msalaba, bolti moja kisha ile inayoitazama, kwanza theluthi ya nguvu, halafu theluthi mbili, halafu yote, kisha zunguka nati kwa nati mpaka zisicheze tena.

Wale wa presha kubwa, bar 100 kwenda juu, wanatumia ringi ya chuma inayokaa kwenye mfereji, na siri ni ile ile, ringi lazima iwe laini kuliko flenji, ndiyo ikubali kuumia. Ikishabanwa mara moja ni ya kutupa. Najua inauma mfukoni.

Sisi tulipima kwa naitrojeni na maji ya sabuni kwanza, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tukaitoa presha yote ndio tukagusa spana, nati mbili zikazunguka kidogo, mbili hazikusogea. Tukaingiza amonia. Kijana akawasha ule uzi wa kiberiti cha salfa akauzungusha kwenye flenji polepole akitafuta moshi mweupe, maana ukionekana ujue amonia inavuja, nje wavuvi washajaa na makasha yao wanapiga kelele barafu iko wapi, na moshi haukuonekana.