Ameniacha kwa ujumbe wa simu, nitoke na sanduku tu?

SWALI: Assalaam aleikum shangazi, na shikamoo. Nina miaka 34, naishi Mbagala, nina watoto watatu. Wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya. Wiki mbili zilizopita mume wangu, dereva wa malori ya safari ndefu, alinitumia ujumbe akiwa Tunduma: “Nimekuacha talaka moja, nikirudi nisikukute.” Mawifi wamekuja juzi, wanasema mwanamke akiachwa anatoka na sanduku lake na kanga zake, na mkufu wa mahari niuache. Mahari yangu ilikuwa mkufu na shilingi 600,000; alitoa 250,000, nyingine akasema atamalizia. Kiwanja alinunua yeye. Mimi nilikuwa napika vitafunio alfajiri, na hela yangu ya mchezo wa kupeana ndiyo iliyonunua mabati na milango. Lakini karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina lake, mimi nimesaini kama shahidi. Jana amepiga simu anataka niandike barua kwamba mimi ndiye niliyeomba kuachwa, halafu atanipa laki tatu za kuanzia maisha. Nifanyeje? — M.S., Mbagala

JIBU: Waalaikumu salaam mwanangu, marahaba. Hiyo barua usiiandike. Yote mengine tutayazungumza taratibu, ila hilo nilitaka ulisome kwanza.

Nimekaa miaka 11 katika baraza la usuluhishi la msikiti, na barua za namna hiyo nimezishika mikononi: mwandiko wa mke, maneno ya mume. Mume akimuacha mkewe kwa hiari yake, mke habaki na deni. Mahari ni yake, edda yake, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, ina matunzo, na ana haki ya kiliwazo, yaani kitu cha kumliwaza mke aliyeachwa. Lakini mke akijivua mwenyewe, yaani khului, hujikomboa kwa kumrudishia mume mahari au kitu watakachokubaliana, na nafaka, yaani matunzo, ya edda haipati isipokuwa ana mimba. Sasa unaona laki tatu zinanunua nini? Zinanunua mkufu, zile 350,000 zilizobaki, chakula chako cha edda na kiliwazo chako, vyote kwa mkupuo. Talaka ametoa yeye, kwa mkono wake, akiwa Tunduma. Ibaki yake.

Kuhusu ujumbe wenyewe: kwa madhehebu yetu ya Shafii, talaka iliyoandikwa bila kutamkwa hurudi kwenye nia ya aliyeandika. Kwa hiyo ataulizwa mbele ya baraza alikusudia nini. Akisema alikusudia, basi ni talaka moja, ya rejea, na hapo ndipo mawifi zako walipokosea sana.

Mwanamke wa talaka rejea hatoki. Soma aya ya kwanza ya Sura At-Talaq: waume wamekatazwa kuwatoa wake katika nyumba zao, na wake wasitoke wenyewe, ila wakifanya uchafu ulio wazi. Angalia neno hilo, nyumba zao, za hao wanawake, wakati wa edda. Mume bado ana nafasi ya kukurejea, na wewe bado unakula, unavaa na unalala kwake kama jana. Ukifunga mizigo leo kwenda kwenu kwa sababu mawifi wamepiga kelele, kesho watasema uliondoka mwenyewe, hukufukuzwa. Kaa, mwanangu.

Na edda yako watakuhesabia miezi mitatu, naijua hiyo. Miezi mitatu ni ya asiyepata hedhi kabisa, kwa utoto au kwa uzee. Mwenye hedhi huhesabu twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, na mwenye mimba hungoja hadi ajifungue. Wewe unanyonyesha. Kama damu imekatika kwa sababu ya ziwa, kwa Shafii unangoja irudi, hata ikichukua mwaka, na muda wote huo wa talaka rejea nafaka ni juu yake. Nalisema kwa kirefu kwa sababu nimeona akina mama wanaonyonyesha wakikatiwa matumizi siku ya 90 kama mtu aliyemaliza mkataba, na hakuna aliyewauliza swali hata moja.

Mkufu usimpe mtu. Sura An-Nisaa, aya ya 20, inamkataza mume kuchukua chochote katika alichompa mke, hata kama alimpa mrundo wa mali. Zile 350,000 ni deni kama deni la dukani. Na kama kuna miezi ambayo hakuleta matumizi kabla ya talaka, iandike pia; kwa Shafii nafaka ya mke isiyotolewa ni deni.

Kiliwazo hakina bei iliyopangwa. Kinaangalia uwezo wa mume na hali ya mke, mkielewana sawa, msipoelewana hukadiriwa. Wanazuoni wa Shafii wamependekeza kisipungue dirhamu 30, karibu gramu 90 za fedha, ile madini. Barazani kwetu nimeona mwanamume akileta cherehani, mwingine friji, mwingine pesa taslimu. Wewe mpika vitafunio ungefaidi jiko kubwa na mtaji, lisemee hilo usione haya.

Watoto ni juu ya mumeo kuwalisha, kuwavisha na kuwasomesha, edda iishe isiishe. Na edda ikiisha ukiendelea kumnyonyesha mdogo, Kurani imekupa ujira wa kunyonyesha, katika aya ya sita ya sura ile ile.

Nyumba sasa. Dini haisemi kuwa mke aliyeachwa achukue nusu kwa sababu tu aliolewa, na atakayekuambia hivyo amekosea. Lakini mali yako haikuwa ya mumeo hata siku moja, na mabati yako yako juu ya ile nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, jina liwe la nani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, waliooana Kiislamu, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za mke nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu, kwa sababu ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuendesha mradi. Kwa hiyo hesabu zitatazamwa. Tafuta daftari la mchezo, risiti za mabati, fundi aliyepaua na wenzako wa kikundi. Hata ile saini ya shahidi inaonyesha ulikuwepo tangu kiwanja kinanunuliwa.

Bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali kama Zanzibar. Utaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanalo. Watajaribu kuwapatanisha kwanza. Wakishindwa, waombe hati ya kwamba wameshindwa, uende nayo Kituo Jumuishi cha mahakama cha Temeke kinachoshughulikia ndoa na mirathi. Kwa Mbagala si mbali. Bila hati ya baraza shauri la talaka halisikilizwi, isipokuwa kuwe na sababu maalumu. Ukikosa wa kukuandikia, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria.

Na ule ujumbe wa Tunduma, usiufute hata ukikuchoma. Leo hii nenda steshenari ukauchape, tarehe na namba yake zionekane, nakala moja umpe mama yako akuwekee.