Barua kwa mwanangu: kuhusu ile picha uliyoiona Louvre usisikie kitu

Mwanangu, salaam aleikum. Huku Bagamoyo hatujambo, mama yako mzima anakusalimia sana, mvua zimeanza na banda langu linavuja upande wa baharini ila kazi zinaenda, nina mlango wa mtu wa Dar nataka niumalize kabla ya mwisho wa mwezi.

Ile sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza, asubuhi nikairudia tena. Umesema mmeenda na wenzako wa chuo makumbusho ya Louvre hapo Paris, mkapanga foleni kuiona ile picha ya Mona Lisa, wenzako wakatoka wanasifia na we hujasikia chochote moyoni, halafu siku ya pili mkaenda kule makumbusho ya Quai Branly wakasimama mbele ya vinyago vya Afrika wakasema vina nguvu, wakakugeukia wewe uwaelezee kwa vile ndo Mwafrika pekee, na we ukakosa la kusema. Ukaniuliza, baba hivi sanaa kila mtu anaielewa au kuna watu wamezaliwa nayo, na mimi ndo sina? Nimekuandikia badala ya kukupigia maana kwenye simu ntakatakata maneno na hili jambo nalipenda mno.

Mama, hakuna aliyezaliwa nayo. Kila mtu kafundishwa, ila ya nyumbani kwenu unafundishwa ukiwa mdogo bila kujua kama unafundishwa, ukishakuwa mkubwa unaona kama macho yako yalikuja hivyo hivyo tokea tumboni. Hao wenzako wameiona ile picha kwenye vitabu vya shule, kwenye vikombe, kwenye fulana, wameambiwa tangu wadogo kwamba ile ni kubwa. We umekutana nayo siku hiyo moja, tena umesukumwasukumwa na watu wameinua simu juu. Ungesikia nini?

Angalia milango. We umekulia miguuni kwangu kwenye vumbi la mbao, ukipita India Street hata leo nna uhakika unajua mlango gani wa zamani kweli na upi umechongwa juzi ukapakwa rangi uonekane wa zamani, na hujawahi kukaa darasani kwa hilo. Unaanza chini kwenye miimo, pale fundi anapoweka samaki au mawimbi, unapanda na mmea unaojisokota kwenda juu, pembeni kabisa unakuta mnyororo umezunguka fremu yote, katikati kuna mfaa, ule ubao wa kati unaosimama kati ya mbawa mbili, umebeba kazi nzito kuliko pote, halafu kizingiti cha juu ndo kuna maua ya yungiyungi au maandishi ya Kiarabu, na ukibahatika mwaka wa Hijria. Mgeni akija anaona mlango mzuri, anapiga picha, kaenda. We unaona fundi alipochoka, unaona patasi ilipoteleza akaigeuza ikawa jani. Na hizo nakshi nazo si za mtu mmoja, kuna za Kiarabu, kuna za mafundi wa Kihindi waliotoka upande wa Gujarati, na mikono ya mafundi wa hapa hapa pwani, zimekutana kwenye ubao mmoja wa mvule na leo mtu anasema huu mlango wa Kiswahili na anasema kweli kabisa.

Taarab vilevile. Bibi yako alikuwa analia akisikia fidla na ganuni, ukimwambia hiyo si ya kwetu angekufukuza nyumbani, na wazee wanasimulia kwamba ni Sultani Barghash wa Unguja alimtuma mtu Misri akajifunze, ndo ikaingia kwa njia ya ikulu. Halafu akaja Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili, mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay, na hapo ndo ikawa ya watu wa mitaani. Kitu cha ugenini kikikaa na watu wakakipa maneno yao kinakuwa chao, ila kinataka muda.

Sasa nikwambie habari ya mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa Dodoma aliyekuja hapa akafundisha Chuo cha Sanaa, hicho kilichoanza 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, akaishi Bagamoyo mpaka alipofariki 2003. Mi mtoto wa taarab, masikio yangu yamezoea nyuzi na maneno ya mafumbo, ukinipa ilimba ya Kigogo, kile chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na yale masauti yanayopanda juu ghafla kama yanavunjika, na ule mvumo unaotetemeka nyuma ya kila kijiti cha chuma, masikio hayakuipokea siku ya kwanza. Ni kama mtu aliyekulia samaki wa nazi umpe mlenda. Lakini mzee alikuwa anapiga hapa hapa mjini kwetu, kwa hiyo niliendelea kusikia, na kuna mwanafunzi wake mmoja aliniambia ule mvumo si ubovu wa chombo, wanauweka makusudi, sauti isiyo na mvumo kwao haijakamilika. Basi tangu siku hiyo nikawa nasikiliza ule mvumo wenyewe, si ule wimbo peke yake, na ikafunguka. Nikisikia ilimba safi isiyovuma sasa hivi naona imepungukiwa. Neno moja tu la mtu anayejua, na masikio ya kukaa. Wala sikuzaliwa Ugogoni.

Hao wenzako wanaosema vinyago vina nguvu, usiwakasirikie, ila wameona nusu. Mchoraji Picasso naye aliingia makumbusho ya Trocadéro hapo hapo Paris mwaka 1907 akakuta vinyago vya Afrika vimerundikwa, vikamshika, na mwaka huohuo akachora ile picha ya wanawake watano ambayo nyuso mbili za upande wa kulia ni kama vinyago, na uchoraji wa Ulaya ukageuka njia. Jicho alikuwa nalo, hilo simnyimi. Lakini yeye alichukua umbo tu. Nani alikivaa kile kinyago, usiku au mchana, ngoma gani ilikuwa inapigwa, nani alikatazwa kukiona, hayo hayamo kwenye umbo, na kwa aliyekichonga hayo ndo kazi yenyewe.

Chukua lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde. Ukiliona kwenye kioo ni kichwa cha mtu kimechongwa, pengine kimewekwa nywele za binadamu kweli, chale usoni, limesimama wima linakutazama. Mcheza ngoma halivai hivyo, analiweka kichwani limelala nyuma, na anaonea kwenye mdomo wa kinyago, si kwenye macho. Mwili wote umefunikwa nguo usijue nani yuko ndani, na zamani wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua kabisa kama ndani mna mtu. Na linachongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, maana mtu atacheza nalo. Mi seremala nikisikia mti mwepesi naelewa mara moja kwamba hiki kitu kimetengenezwa kitembee. Kukiweka kwenye kioo kimesimama si dhambi, ila ukikaa mbele yake ujue umeona kilicholala.

Na sisi tunaye wetu. Bibi yako mzaa mama, Mkwere, alipokuwa mwali alipewa mwana hiti, yule mwanasesere wa mti, hana mikono, mwili umenyooka tu, kichwani ana nywele zimegawanyika mbili. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamlea kama mtoto ndani kipindi chote alichofungiwa. Ule mng'ao unaouona kwenye mwana hiti wa zamani si vanishi, ni mafuta na viganja vya wasichana. Wapo kwenye makumbusho ya Ulaya wengi tu. Siku ukikutana naye na wenzako wakakugeukia, waambie hilo la viganja, linatosha, huna haja ya kuwaelezea Afrika nzima. Vinyago vya Afrika Magharibi we huvijui na huna kosa, ni mbali na sisi kuliko wengi wanavyofikiri, soma karatasi iliyobandikwa pale kama wao. Tena soma mpaka chini, angalia wameandika kilifikaje. Quai Branly hiyohiyo mwaka 2021 ilirudisha vitu 26 Benin, viti vya enzi na masanamu ya wafalme wa Abomey yaliyobebwa na jeshi la Kifaransa 1892. Hilo nalo ni sehemu ya kukitazama kitu.

Sasa ile Mona Lisa. Unajua imechorwa kwenye ubao? Si kitambaa, ni ubao wa mti unaoitwa popla, kama sentimita 77 kwa 53, na kwa miaka yote hiyo mia tano umepinda kidogo na una ufa unaoshuka kutoka juu. Mi niliposoma hivyo nikaipenda kabla ya uso wenyewe. Na zile foleni, sehemu kubwa ni kwa sababu iliibiwa mwaka 1911 na fundi wa Kitaliano aliyewahi kufanya kazi humo ndani, ikapatikana Florence 1913, magazeti ya dunia yakaijaza kila mahali. Lakini kazi ipo, usidhani ni kelele tu. Leonardo aliyeichora hakupiga mstari kwenye pembe za mdomo wala za macho, alipaka rangi nyembamba juu ya nyembamba mpaka kivuli na ngozi havina mpaka, ndo maana ukimtazama machoni anacheka na ukimtazama mdomoni ameacha. Rudi siku ya katikati ya wiki, asubuhi, usiende na kundi, tazama pembe ya mdomo tu. Usipoipenda baada ya hapo, sema sijaipenda kwa kichwa juu, maana umeitazama.

Na kama unaona tabu kwamba utatazama vitu vya watu bila lugha yao, nenda kwenye akili zako mpaka kwenye magofu ya Kaole hapa kwetu. Yale makaburi ya nguzo, yale mashimo ya duara uliyokuwa unauliza ni ya nini, palikuwa na bakuli za kauri kutoka China. Wazee wetu hawakuwa Wachina, na mfinyanzi wa kule alitengeneza bakuli la kulia chakula. Wao wakaona ule weupe na ule mng'ao wakasema hiki kitu ni cha heshima, wakampa marehemu wao. Wafaransa nao walipofikiwa na picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, wachoraji wao wakazikusanya, na Mholanzi Van Gogh akazinakili 1887 na Japani hajawahi kukanyaga.

Hizo picha za Kijapani ndo nataka uzitafute hapo Paris ukipata nafasi, maana ni kazi ya patasi, mtu kachonga ubao kwanza ndo ukapakwa rangi ukakandamizwa kwenye karatasi. Angalia mstari wa nywele za mwanamke, pale mchongaji ameacha uzi wa mti mwembamba kama unywele wenyewe bila kuukata, kisha nipigie Jumapili unisimulie umeona nini. Mama yako anasema ule vizuri na uvae sweta. Wadogo zako nao wanakusalimia.

Baba yako.