Protini haipelekei mfupa

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, Masasi. Kwenye daftari nimeandika, "Protini za BMP hupelekea kuunda mfupa." Mwenzangu anadai iwe "hupelekea kuundwa kwa mfupa." Nani kapatia?

JIBU: Hakuna. Mnagombania mkia wa sentensi ilhali ugonjwa uko kichwani: hupelekea.

Peleka ikitiwa kiambishi cha kutendea humleta mpokeaji: mzee anampelekea mwanawe ada. Yupo apelekaye, yupo apelekewaye, upo mzigo. Sasa kila msimu nasikia "mvua zimepelekea korosho kuoza." Zimempelekea nani? Zimekatiza Newala na gunia begani? Zilipofika ghalani, karani alizipimia na kuziandikia stakabadhi? Mvua zimeozesha korosho, basi! Kauli ya kutendesha ipo bure, haina ushuru.

Kwenye somo lenu kosa ni zito zaidi, maana kila protini ina kazi yake. BMP ni protini ya kutoa ishara tu, haijengi kitu. Hujishika kwenye vipokezi vya utando wa seli. Vipokezi huamsha protini za Smad, matarishi wa ndani ya seli, nazo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni, ikiwemo ya Runx2. Seli changa ikageuka osteoblasti, na hiyo ndiyo ijengayo. Protini ya sklerostini itokayo kwenye osteositi, seli zilizozama ndani ya mfupa, hujishika kwenye vipokezi vya LRP5 na LRP6 ikaififisha ishara ya Wnt, ile inayohimiza ujenzi, na ujenzi ukapungua. Protini ya RANKL hukomaza osteoklasti, seli zinazobomoa mfupa. Osteoprotegerini, protini nyingine, huinasa RANKL kabla haijafika. Ukiwapa wote hao "hupelekea," mjenzi na mbomoaji wamevaa sare moja, na msahihishaji hajui kama umeelewa au umekariri.

Matumizi halali yapo, tena humohumo mfupani: "Osteositi huzipelekea osteoblasti ujumbe." Mpokeaji yupo, mzigo upo. Hapo sina neno.

Watangazaji wameshanishinda, na wanaoandika ripoti za semina ndio kabisa. Wewe kwenye mtihani andika: "Protini za BMP huchochea seli changa zigeuke osteoblasti, nazo hujenga mfupa." Mwenzako mpe nusu alama, "kuundwa" yake walau inakiri kwamba mjenzi ni mwingine.