Jibu: Betri mpya za basi lililogeuzwa nyumba

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba betri zako mbili za maji, za Ah 100 kila moja (Ah, yaani saa-ampea, ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), zinashindwa kuendesha friji hadi asubuhi, nawe unasita kati ya kununua za aina ileile na kuhamia betri za lithiamu. Kwanza zichaji hadi zijae, uziache saa kadhaa bila mzigo, kisha upime: zikiwa chini sana ya volti 12.7, zimechoka kweli.

Mimi nilichagua lithiamu, kwa sababu betri ya maji haifai kushushwa chini ya nusu ya chaji yake mara kwa mara, ilhali ya lithiamu huvumilia hilo. Hata hivyo, usiiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta ya basi (kifaa kinachozalisha umeme injini ikiwaka), kwani betri hiyo huvuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu na inaweza kuiunguza altaneta. Weka katikati chaja maalumu inayodhibiti mkondo huo. Hukutaja chaja yako ya sola, nayo lazima iwe na mpangilio wa lithiamu.