Kuimarika katika Tekken Unapopata Maneti kwa Nadra

Wengi wetu tunaopenda Tekken, mchezo wa video wa wahusika wawili kupigana, hapa Lubumbashi hatuna mashine ya kuuchezea nyumbani. Tunachezea kwenye sali (kumbi) za michezo za mitaa ya Kenya, Katuba au Kamalondo, ambako kila pambano linalipiwa, aliyeshindwa anaachia maneti, yaani kidhibiti cha kuchezea, na televisheni nyingi huwa zimekwisha kushikwa na wapenzi wa kandanda ya video. Jioni nzima mtu anaweza kupata mapambano machache tu, na umeme ukikatika hata hayo hayapatikani. Katika hali hiyo, kilichoniendeleza kuliko kingine chochote ni kufika salini nikiwa na swali moja nililolitayarisha nyumbani, na kulitafutia jibu katika kila pambano, niwe ninashinda au ninashindwa.

Swali zuri hutokana na hesabu ya fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini. Mchezo huu huenda kwa fremu 60 kila sekunde. Ngumi ya haraka ya karibu kila mhusika hufika baada ya fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde, ilhali binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde, sawa na fremu 15 hivi, ili aone jambo na kulijibu kwa vidole. Kwa hiyo hakuna anayeikinga ngumi hiyo kwa kuiona. Aliyeikinga alikuwa amekwisha kujikinga kabla haijarushwa. Mapigo ya chini yanayochukua fremu 25 na zaidi ndiyo yanayoweza kuonekana, na hayo ndiyo yanayostahili kuzoezwa macho. Anayetumia fedha zake chache kutafuta wepesi wa kukinga kila kitu anazipoteza.

Lenye faida kubwa zaidi ni kuadhibu. Chukua lile teke la kuruka ambalo wahusika wengi wa Tekken 7 wanalo. Mpinzani akikupata nalo anakurusha hewani na kukupiga mfululizo. Lakini ukilikinga, kwa kawaida anachelewa kuliko wewe kwa fremu 13 kabla ya kuweza kutenda tena, na pigo lako lolote linalofika kwa fremu 13 au pungufu hawezi kulizuia, mradi liwe na urefu wa kumfikia pale aliposimama. Maarifa haya hayahitaji mashine. Nunua mega kidogo za intaneti, fungua jedwali la fremu za mhusika unayemwogopa, kisha unakili kwenye daftari mapigo manne au matano, na mbele ya kila moja uandike jibu lako. Chagua yale ambayo wachezaji wa mtaani kwako huyatumia kweli, hata kama mabingwa huyadharau, kwa sababu hao wa mtaani ndio utakaokutana nao Jumamosi. Baada ya hapo swali lako la jioni linakuwa wazi: je, kila teke la kuruka nililolikinga nililijibu? Ukitoka salini umeshindwa mara zote lakini umelijibu mara nyingi kuliko wiki iliyopita, umeendelea.

Vidole navyo vinaweza kufanya kazi bila umeme. Maneti mbovu iliyokatika waya inatosha kujifunzia namna ya kurudi nyuma kwa kasi ambayo Wakorea waliieneza: nyuma, nyuma, chini-nyuma, halafu nyuma tena. Huko kuchuchumaa kwa kitambo kidogo hukatiza hatua ya kurudi, nawe unaweza kuanza nyingine mara moja. Anza polepole mpaka mdundo uwe sawa, ndipo uongeze kasi. Fanya hivyo kwa kila upande, kwani mpinzani akihamia upande wa pili, nyuma yako inageuka kuwa mbele.

Chagua mhusika mmoja na ubaki naye.

Watu ni hazina kubwa kuliko mashine. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, nchini Pakistan, alishinda EVO Japan, kisha akashinda EVO ya Las Vegas, mashindano makubwa ya kimataifa ya michezo ya kupigana, kwa kumfunga Knee, Mkorea aliyeheshimiwa kuliko wengi katika mchezo huu. Arslan na wenzake walikuwa wamekomazana kwao Lahore, wakicheza ana kwa ana, na baadaye Knee mwenyewe alisafiri hadi Pakistan kucheza nao. Sisi pia tunacheza bega kwa bega. Kwa hiyo unapoachia maneti usiondoke; simama nyuma ya waliokaa na uwatazame kwa daftari lako. Niliwahi kumuuliza mkubwa mmoja (yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa) aliyenipiga kwa pigo la chini mara kwa mara, “Yaya, pigo lile nilizuieje?” Akanijibu, “Linanipita na mimi, mdogo wangu, ila huwa nalitumia ukishaacha kusogea.” Jedwali la fremu lisingenipa jibu hilo.

Jambo la mwisho linahusu televisheni. Nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo huichelewesha, kiasi kwamba pigo ulilozoea kuliona hulioni tena. Mwombe mwenye sali kwa adabu afungue mipangilio ya picha na kuchagua hali ya michezo ya video (“Game Mode”). Haimgharimu chochote, na wanaocheza kandanda pia watafaidika.